Ukiambiwa "ota", chukua: kuishi na familia ya Kifini

Usiku wangu wa kwanza Ufini nililala na njaa, na chakula kilikuwepo tele. Mama mwenyeji aliweka mezani sufuria ya viazi, samaki wa kuoka na bakuli la saladi, akasema "ota", yaani chukua. Nikachukua kidogo, kama mgeni aliyelelewa. Nilipomaliza akaniuliza kama nataka tena. Nikajibu hapana, asante, nimeshiba. Kwetu Nyamanoro, Mwanza, hapo ndipo mwenyeji angeanza kazi yake: "Utashibaje na viazi viwili? Kula mwanangu, usituonee haya." Ningekataa tena kidogo, halafu ningekubali, na kila mtu angekuwa ametimiza wajibu wake. Yule mama akasema "selvä", yaani sawa, akafunika sufuria na kuitia kwenye friji.

Nilirudia hivyo siku nne. Usiku nilikuwa nakula biskuti za ndegeni chumbani kimyakimya. Siku ya tano binti wa nyumba ile, aliyekuwa na miaka 16, mmoja chini yangu, akaona makombo akaniuliza kwa nini nala biskuti ilhali friji imejaa. Nikamweleza desturi ya kwetu. Alisikiliza mpaka mwisho, akafikiri, kisha akasema, bila ubaya wowote: "Lakini ulisema hapana."

Basi kama unajiandaa kwenda kuishi na familia ya Kifini, anza na hilo, maana mengine karibu yote yanatoka humo. Neno lako wanaliamini. Ukisema umeshiba, umeshiba. Ukisema huna shida, huna shida. Hawatakubembeleza, kwa sababu kwao kumbembeleza mtu aliyekwishajibu ni kutomheshimu. Njaa yako, baridi yako, hofu yako, huzuni yako, vyote unatakiwa kuvitaja kwa maneno, mara moja, bila kuzunguka. Ni kazi ngumu kwa mtoto aliyefundishwa kwamba kuomba ni utovu wa adabu. Mimi ilinichukua mpaka Oktoba.

Nilikaa Tampere mwaka wa masomo 2022/23, baada ya kidato cha nne, kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi. Tampere na Mwanza ni miji rafiki, na kwa kweli inafanana kwa jambo moja: yote imekaa na maji. Tampere iko kati ya maziwa mawili, Näsijärvi na Pyhäjärvi, na maporomoko ya Tammerkoski yanapita katikati ya mji. Familia yangu ilikuwa baba, mama, yule binti, mvulana wa miaka tisa, na mbwa. Mambo ya kibali, bima na ada sitayagusa hapa. Nataka kuzungumzia nyumba.

KABLA HUJAONDOKA

Utaombwa uwaandikie barua ya kujitambulisha. Wengi hujaza sifa: napenda kusoma, napenda muziki, ni mchangamfu. Andika mambo yatakayogusa maisha ya kila siku. Mimi ni Mwislamu, nikaandika: sili nguruwe wala damu, nasali mara tano, nafunga Ramadhani, navaa hijabu, na mbwa siwezi kumkumbatia. Shangazi aliniambia nitakosa familia kwa barua ya namna hiyo. Kumbe mama mwenyeji aliniambia baadaye kwamba ndiyo iliyowafanya wanichague, kwa sababu walijua nini cha kuandaa. Nilipofika nilikuta mbwa amezuiwa kuingia chumbani kwangu, na kuna rafu tupu iliyoandikwa jina langu, ya mkeka wa sala.

Zawadi zisiwe kubwa. Zawadi kubwa huwatia unyonge, wanaanza kuwaza watarudisha nini. Peleka kahawa, Wafini ni miongoni mwa wanywaji wakubwa kabisa wa kahawa duniani, nao huipenda iliyokaangwa kidogo. Pakiti mbili za kahawa ya Kagera zilifunguliwa siku ileile. Peleka khanga, na uwe tayari kueleza jina lake linasema nini, watauliza. Nyama na maziwa usibebe, abiria haruhusiwi kuviingiza Umoja wa Ulaya kutoka kwetu. Beba viungo: binzari, mdalasini, karafuu, pilipili manga. Iliki unaweza kuiacha. Nilipovuka mlango mara ya kwanza nyumba nzima ilinukia iliki, nikadhani wamenikaangia maandazi. Ilikuwa pulla, mkate wao mtamu wa kunywea kahawa, nao hauendi bila iliki. Nilisimama pale mlangoni na koti langu, machozi yakanitoka.

Nguo za baridi usinunue Mwanza. Koti la mtumba linaloonekana zito pale sokoni halitafika Desemba. Familia nyingi zina makoti na buti za ziada, na kuna maduka ya mitumba, kirpputori, ambako hata wenye fedha hununua bila aibu.

NDANI YA NYUMBA

Viatu vinabaki mlangoni. Hilo kwetu si geni. Ila na wewe ukialikwa kokote beba soksi nzuri, za sufu ikiwezekana, maana hata fundi na daktari utawakuta na soksi.

Bafuni utakuta kitu cha kukufurahisha: pembeni ya choo kuna kimpira cha maji chenye kitufe. Nilikuwa nimebeba kopo la plastiki kutoka nyumbani nikiwa na wasiwasi mkubwa. Sikulitumia hata siku moja. Ukishaoga, kuna fito lenye mpira chini, linaitwa lasta. Sukuma maji yote ya sakafuni mpaka yaingie kwenye tundu, kisha litundike. Hakuna atakayekuambia. Wataona tu sakafu imelowa, na baada ya wiki mbili watakuwa wamechoka nawe kwa jambo ambalo hulijui. Kwa hiyo siku ya kwanza omba: "Nionyesheni jinsi mnavyofanya kila kitu." Sentensi hiyo moja inaokoa mwezi mzima.

Vyombo: juu ya sinki kuna kabati, ukilifungua halina rafu za mbao, lina fito za waya, na chini liko wazi. Unaosha sahani unaisimamisha mle, maji yanadondokea kwenye sinki, mlango unafungwa. Nilipolielewa nilimpigia mama yangu simu ya video kumwonyesha. Aliyelieneza ni Maiju Gebhard, mtaalamu wa kazi za nyumbani, katika miaka ya 1940. Alikuwa amepiga hesabu ya muda ambao mama wa nyumbani huumalizia kufuta vyombo maishani mwake. Mama yangu bado anamtafuta fundi seremala wa kumtengenezea.

Takataka hutengwa: mabaki ya chakula, plastiki, karatasi ngumu, vyuma, chupa, na mengine. Chupa na makopo ya soda hayatupwi, yanarudishwa dukani kwenye mashine inayokupa stakabadhi ya fedha. Kopo senti 15, chupa ya kati ya plastiki senti 20, kubwa 40. Lakini uliza kwanza kabla hujayabeba. Kwetu pale yalikuwa mapato halali ya yule mvulana, na aliyahesabu.

Siku ya kwanza utapewa ufunguo. Hakuna mtu atakayekuwa nyumbani kukusubiri ukitoka shule. Mtoto wa miaka tisa anajifungulia, anajipakia siagi kwenye mkate wa rai (nafaka jamii ya ngano), anafanya kazi zake za shule. Mwanzoni niliona kama nimetelekezwa. Baadaye nikaelewa kwamba ufunguo ndio ukaribisho wenyewe.

MAJINA NA UKIMYA

Shikamoo yangu haikuwa na mahali pa kwenda. Kule mwalimu anaitwa jina lake la kwanza, mkuu wa shule vilevile, na watoto wa mtaani walimwita mama mwenyeji jina lake kama rika lao. Mimi ulimi ulikataa. Wiki mbili nilikuwa nikitaka kumwita nakwenda mpaka alipo, nasimama, nakohoa. Mwishowe nikamuuliza kama naweza kumwita "mama", kwa Kiswahili, tofauti na "äiti" la watoto wake, ili nisimnyang'anye mtu nafasi. Hakujibu. Akaendelea kukunja nguo. Nililala nikijilaumu. Asubuhi, akiwa anamimina kahawa, akasema: "Nimefikiria. Sopii." Inafaa.

Hivyo ndivyo wanavyokaa kimya: wanafikiria. Ukiuliza swali lenye uzito, ngoja. Usijaze pengo kwa maneno mengine, utakuwa unamkatiza mtu ambaye bado hajafungua mdomo. Na kuna ukimya mwingine usio na swali lolote, wa kwenye gari, wa mezani, wa kutazama ziwa. Baba mwenyeji alinichukua stesheni siku ya kwanza, mwendo wa nusu saa, akasema maneno kama sita. Niliamini nimeletwa kwa mtu asiyenitaka. Novemba, giza lilipoanza kuwahi, nilivaa koti langu asubuhi nikakuta kwenye mfuko wa kulia kimening'inizwa kiakisi mwanga, kama ile rifleta ya bodaboda ila kidogo, chenye umbo la samaki. Sheria inamtaka mwenda kwa miguu avae kitu hicho gizani ili madereva wamwone. Hakuniambia kitu. Nilipomshukuru alisema tu: "Wewe ni wa ziwani." Alikuwa amekumbuka.

Tazama mikono yao. Anayekupenda atakuondolea theluji njiani, atakupakia mafuta ya kuzuia maji kwenye buti, atakuachia taa ya ukumbini. Ukingoja asikie habari zako kwa msururu wa salamu, za kuamka, za shule, za nyumbani, utangoja sana. "Huomenta" inatosha asubuhi, na Tampere wana salamu yao, "moro", ya saa zote. Na akikuuliza "mitä kuuluu", habari gani, anataka habari. Ukisema nzuri wakati unaumwa tumbo, umemdanganya.

SAA

Hapa nakuomba usome mara mbili. Wafini wakisema "puoli neljä", maneno yenyewe ni "nusu nne". Maana yake ni nusu ya kuelekea nne, yaani 15.30. Sasa sisi tuna saa zetu za Kiswahili zinazopishana na za kizungu kwa sita. Baba mwenyeji aliniambia atanichukua puoli neljä nje ya Metso, maktaba kuu ya Tampere. Nikapiga hesabu zangu nikapata saa kumi na nusu jioni. Yeye alifika saa tisa na nusu. Simu yangu ilikuwa imeisha chaji, nami niko ndani nasoma kwa raha. Alisubiri saa nzima. Nilipotoka nikamkuta ameketi garini, amewasha taa. Hakugomba. Alichukua bili ya mafuta akaandika nyuma: puoli neljä = 15.30. Karatasi hiyo ninayo hadi leo.

Omba saa iandikwe kwa tarakimu. Na ukisema utafika saa fulani, ufike dakika mbili kabla. Ukichelewa kwa dakika tano tuma ujumbe. Kumbuka pia kwamba majira ya joto saa zao ni sawa na zetu kabisa, na majira ya baridi wako nyuma kwa saa moja. Saa hubadilishwa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Mama yako asije akapiga simu wamelala.

CHAKULA

Chakula cha jioni kinaliwa mapema, kama saa kumi na moja, halafu kabla ya kulala kuna iltapala: mkate, mtindi, uji. Mchana shuleni unakula bure, sekondari pia; Ufini imewalisha wanafunzi wake tangu 1948. Waandikie shule mapema kwamba huli nguruwe, wana utaratibu.

Jifunze maneno haya kabla hujajifunza kuhesabu: "sika" ni nguruwe, "nauta" ng'ombe, "kana" kuku, "kala" samaki, "kinkku" paja la nguruwe, "veri" damu, "liivate" ile jelatini ya kwenye pipi na mtindi, ambayo mara nyingi hutoka kwa nguruwe. Nyama ya kusaga kuwa nayo makini zaidi: pakiti nyingi ni "sika-nauta", mchanganyiko. Alhamisi kwa desturi ni siku ya supu ya njegere, hernekeitto, na kwa kawaida ina nguruwe ndani. Tampere ina soseji yao nyeusi, mustamakkara, ya damu, wanayojivunia sana na kuila na jemu ya tunda jekundu la msituni. Utapelekwa sokoni Tammelantori uionje, kwa upendo kabisa. Sema: "Dini yangu hainiruhusu, lakini nitakaa nanyi." Watakununulia pulla, na habari imeisha. Hawaulizi mara ya pili. Hapo ndipo tabia yao ya kuamini neno la kwanza ilinipa raha.

Wengine watakwambia chakula cha Kifini hakina ladha. Sikubaliani. Kina chumvi kidogo na viungo vichache, ila mkate wa rai, samaki samoni kwenye supu ya maziwa yenye majani ya kunukia yaitwayo tilli, na matunda madogo ya bluu, mustikka, uliyochuma mwenyewe msituni bila kumwomba mtu ruhusa (kila mtu ana haki hiyo, hata kwenye msitu usio wake), hivyo ni chakula cha kweli. Na kuna muikku. Ni samaki wadogo wa ziwani, wanapakwa unga wa rai, wanakaangwa kwenye siagi, unawala na kichwa. Mtoto wa dagaa wa Mwanza ukimpa muikku hutamsikia tena mpaka sahani iishe.

SAUNA

Jumamosi jioni ni sauna, chumba cha joto kali na mvuke cha kuogea. Kwa wenyeji wangu ilikuwa chumba cha mbao nyuma ya bafu. Maghorofa mengi yana ya pamoja yenye zamu, na nyumba za mapumziko kando ya ziwa zina yake. UNESCO iliuingiza utamaduni huu kwenye orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2020, na pale Tampere, mtaa wa Pispala, kuna sauna ya umma ya Rajaportti inayotumika tangu 1906.

Swali ambalo kila msichana wa kwetu huniuliza: ni lazima kuwa uchi? Si lazima. Kawaida wao huingia bila nguo, na hakuna chochote cha aibu wala cha utani ndani yake. Wanalelewa humo tangu wachanga. Wanawake huwa na zamu yao na wanaume yao, ingawa wazazi na watoto wadogo wa familia moja huweza kuingia pamoja. Wewe sema kabla ya Jumamosi, usingoje mlangoni. Mimi nilisema: nitaingia na wanawake tu, nikiwa nimejifunga khanga. "Sopii." Khanga ya pamba inafaa kuliko taulo, ni nyepesi na inakauka upesi. Nguo ya kuogelea ya nailoni wengi hawaipendi mle ndani.

Kunywa maji kwanza. Vua hereni, mkufu, na pini zote za kichwani. Chuma kinachemka, nilichomwa shingoni kwa pini niliyoisahau. Ukiwa na nywele za kusuka za bandia zifunge kwa kitambaa kilicholowa. Oga, kisha ingia na kitambaa kidogo cha kukalia. Kaa benchi la chini. Joto liko juu. Aliye karibu na jiko la mawe, kiuas, atauliza kama amwage maji. Mvuke unaopanda unaitwa löyly, nao hukufika masikioni kabla ya kwingine, kama mtu aliyekushika kwa viganja vya moto. Inamisha kichwa, pumua kwa mdomo taratibu. Ukiona kizunguzungu toka. Hakuna anayehesabu dakika zako wala anayekucheka. Mara ya kwanza nilikaa tatu. Kaa nje barazani mpaka mwili utulie, moshi ukikupanda mikononi kwenye baridi, kisha rudi ukitaka. Kuogelea kwenye tundu la barafu ziwani wakati wa baridi ni hiari kabisa, na usifanye hivyo kamwe bila mwenyeji.

Faida ya sauna sikuijua mpaka mwezi wa tatu. Mama yule asiyeongea mezani, sauna alikuwa anaongea. Gizani mle, macho yakitazama mawe, alinieleza alivyokulia kwenye shamba la ng'ombe, baba yake alivyofariki, jinsi alivyoogopa kunipokea kwa sababu Kiingereza chake kinamkwama. Nami nikamweleza habari za bibi yangu aliyefariki mwaka mmoja kabla, ambazo sikuwahi kumwambia mtu yeyote kwa urefu ule. Kwa hiyo kama una neno zito la kuwaambia wenyeji wako, lihifadhi mpaka Jumamosi.

GIZA, BARIDI NA SALA

Desemba pale Tampere jua linachomoza kama saa nne kasoro dakika ishirini asubuhi na linazama saa tisa mchana. Wewe uliyezoea saa kumi na mbili kwa kumi na mbili mwili hautaelewa. Utasikia usingizi wakati wote, kisha huzuni isiyo na sababu. Kunywa vitamini D kila asubuhi pamoja na familia, toka nje adhuhuri hata kwa dakika ishirini, na usilale mpaka mchana Jumapili. Mimi nilifika mahali nikamwambia mama, kwa neno moja la Kifini nililolitafuta kwenye kamusi, kwamba nina huzuni. Hakunipa ushauri. Alinipa taa ya kuvaa kichwani, tukatembea msituni saa nzima kwenye theluji, na kesho yake tena, na ikawa ada yetu.

Vaa tabaka: ya ndani iwe sufu, si pamba, maana pamba ikilowa jasho inakugandisha. Hijabu ya jezi chini, kofia ya sufu juu. Buti iwe kubwa kwa namba moja ili soksi mbili ziingie. Jipake mafuta mazito usoni. Barafu ya barabarani ni hatari kuliko baridi yenyewe. Kuna vishikizo vyenye misumari vya kuvalisha viatu, waombe.

Kuhusu sala: Mwanza tunaelekea kaskazini, Tampere unageukia kusini, ukienda kidogo mashariki. Nilisali wiki nzima upande usio wake kwa mazoea ya mwili. Msimu wa baridi, Adhuhuri na Alasiri zinakaribiana sana na zote zinaangukia shuleni. Nilimwomba mwalimu chumba kitupu, akanipa ufunguo. Juni usiku hauingii giza kamili, hivyo wakati wa Isha umwulize imamu wa msikiti wa mji wako, Tampere ipo misikiti.

Ramadhani ya 2023 ilianza Machi 23. Siku za mwanzo nilifuturu kabla ya saa moja jioni, za mwisho karibu saa tatu usiku. Familia ilikuwa imeshakula zamani. Kila siku nilikuta sahani yangu imefunikwa, ina karatasi yenye jina langu, na daku nilikuta uji wa oti kwenye chupa ya chai. Yule mvulana alijipa kazi. Alipakua ratiba kwenye simu ya dada yake, akawa anasimama dirishani jua likizama, halafu anapiga kelele: "Nyt!" Sasa! Aliruhusiwa kuchelewa kulala mwezi mzima kwa ajili hiyo.

LUGHA, NA IKIWA MAMBO HAYAENDI

Kiingereza kitakutosha shuleni, ila jifunze Kifini kwa ajili ya nyumba. Mswahili ana bahati: kinasomwa kama kilivyoandikwa, "hän" ni yeye bila kujali mwanamke au mwanamume, na mahali panabandikwa mwishoni mwa neno kama "-ni" yetu, "talo" nyumba, "talossa" nyumbani, yaani ndani ya nyumba. Kazi iko kwenye urefu wa sauti. "Tuli" ni moto, "tuuli" upepo, "tulli" forodha. Nilimwambia jirani "tapan sinut" nikikusudia tutaonana. Inayotakiwa ni "tapaan". Yangu ilimaanisha nitakuua. Alinisahihisha taratibu, nikairudia mpaka ikakaa.

Na kama familia haikufai, usivumilie mwaka mzima kwa kuogopa kuonekana huna shukrani. Kila mpango mzuri una mtu wa kuwasiliana naye nje ya familia. Mweleze mapema, kwa mambo yenyewe: nini kilitokea, lini, ulisema nini. Msichana niliyesoma naye alihamishwa familia Januari, na ile ya kwanza ilikuja kumpongeza siku yake ya kuzaliwa.

Wapikie. Si siku ya kuaga, mwezi wa kwanza. Mimi nilianza na chapati, kwa kuwa unga upo kila duka. Mvulana alisimama kwenye kigoda akisukuma za umbo la ramani, na tukazoea kuzipika kila Ijumaa. Wiki iliyopita amenitumia picha ya zile alizopika mwenyewe, sasa ana miaka mingine na sauti imekuwa nzito. Chini ameandika: "Zako zilikuwa laini. Hizi ngumu. Kwa nini?" Nimemjibu atumie maji ya uvuguvugu, aongeze mafuta wakati wa kukunja, na auache unga upumzike nusu saa umefunikwa. Kisha nikaandika tena saa kwa tarakimu, 0.30, asije akasikia vingine.